Lori la Upana Wetu

Benchi liko mbele ya duka la donati la Ida Dehart, na linatazamana na kiwanda kilichokufa. Siku hizi kiwanda hicho kinatotolesha vifaranga, na asubuhi unasikia vilio vyao kupitia ukuta wa matofali, lakini juu ya mlango mkubwa herufi za VOSLER bado zinachungulia chini ya chokaa. Hapo ndipo Pruitt Fork, mji wetu huu wa Ohio, ulipotengeneza magari na malori yake wenyewe kabla ya vita ya kwanza ya Ulaya, kwa muda usiomtosha mtoto kuota meno na kuanza kuyang'oa. Hata benchi lenyewe ni kiti cha gari la farasi la Vosler, mbao ngumu ya hikori isiyokubali kuvunjika. Wazee watatu wanalikalia kila siku ya Mungu. Wa kwanza ni Orville Stamper, anayeitwa Jaji kwa sababu aliwahi kuitwa mara moja mahakamani kukaa na wazee wa baraza katika kesi ya nguruwe, na tangu hapo hajashuka kitini. Wa pili ni Lonnie Teagarden, aitwaye Breki, aliyefunga breki za treni za mizigo mpaka magoti yakagoma. Wa tatu ni Dewey Sparks, yaani Wembe, kinyozi, ambaye chumba chake cha kunyolea kiko mlango wa pili na wateja wake wamezoea kuja kumchukua benchini. Watatu hawa wamejadili kifo cha kiwanda hicho tangu kilipofungwa, na mimi, mteja wa duka ninayewasikiliza kila asubuhi, nasema wazi kwamba kama ungekuwa mdahalo wa chuoni, mwamuzi angewafukuza wote kabla ya hoja ya pili. Lakini asubuhi ile mjadala haukuwa wa kupitisha wakati. Jumamosi mji ulikuwa unatimiza miaka mia moja, kibao cha shaba kilikuwa kinawekwa kwenye ukuta wa kiwanda, na kamati ya sherehe ilimpa Jaji kazi ya kuandika maneno yake. Mtu wa kiwanda cha shaba alikuwa njiani kuja kuyachukua.

Jaji alikuwa ameyaandika kwa penseli juu ya mfuniko wa boksi la donati. Ida alitoka na birika la kahawa, akainama kumimina, akasoma.

— Orville, hii ni nini?

Benchini mtu akikuita kwa jina lako la ubatizo, jua mambo yameharibika.

— Historia, alisema Jaji.

— Historia ndiyo hii, juu ya boksi langu?

— Karatasi iliniishia.

— "Hapa yalitengenezwa magari na malori ya Vosler. Kiwanda kilifungwa kwa kosa la fundi mkuu wa ekseli, Rufus Dehart." Huyu Rufus Dehart ni nani?

— Ida, mama, usianze.

— Nakuuliza ni nani.

— Ni marehemu baba yako, Mungu amrehemu.

— Mungu amrehemu, halafu wewe umpigilie ukutani kwa misumari?

— Skrubu, alisema Wembe. Shaba wanafunga kwa skrubu.

— Wewe Dewey nyamaza, bado zamu yako.

Breki alikohoa, akasogeza kikombe chake karibu na birika kama mtu anayejua dhoruba inakuja na anataka kwanza kuanua nguo. Ida hakummiminia.

— Sikilizeni, wote watatu. Hili birika ndilo la mwisho leo. Mtabishana mpaka liishe, kama kawaida yenu. Likiisha na jina la baba yangu bado liko hapo, benchi hili linaingia ndani ya ghala, na nyinyi mtakunywa kahawa kule kwa vifaranga.

— Ida! Benchi hili nimelikalia wewe bado unavuta gauni la mama yako, alisema Breki.

— Na nani kakukataza kulikalia? Litakuwa ghalani. Kalikalie ghalani.

Akawamiminia. Kidogo kidogo, nusu kikombe kila mmoja, macho yake yakiwa kwa Jaji.

— Mimi sina ugomvi na marehemu, alisema Jaji. Mimi nafuata ushahidi. Kwani lori la Vosler lilikuwa na kasoro gani? Injini nzuri. Ilinunuliwa mji wa mbali huko, ikafungwa hapa, haikuwahi kumtupa mtu njiani. Bodi nzuri. Kiti kizuri, si hiki tumekikalia? Kasoro ilikuwa moja tu: upana. Magurudumu yalikaa mbali mno, huku na huku.

— Mbali na nini? Wembe aliuliza, ingawa alijua.

— Mbali na ya watu wengine! Barabara zilikuwa za nini siku zile? Matope. Magari ya farasi yamepita, yamepita, yamechimba mifereji miwili hata unazama mpaka magotini. Unaingia mferejini, unaufuata. Usipoingia, huendi popote. Sasa lori la Vosler ndani ya wilaya hii liliingia mferejini kama mguu kwenye soksi. Likivuka daraja la mpakani tu, basi, maskini! Gurudumu moja limezama mferejini, la pili limepanda ukingoni. Dereva anaendesha ameinama upande mmoja kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Wateja wakayarudisha. Kiwanda kikafa. Nani alipima ekseli, chuma kinachoshika magurudumu? Dehart. Mahakama imekwisha, simameni.

Hakuna aliyesimama.

— Acha zako, Jaji, alisema Breki. Upana! Kiwanda kile kiliuliwa na reli.

— Reli imefanya nini tena?

— Mimi nilikuwa huko ndani. Unadhani reli ingependa lori? Lori ni mwizi wa mizigo ya reli. Basi malori ya Vosler yakipakiwa juu ya mabehewa kupelekwa kwa wateja, tulikuwa tunayatikisa.

— Mliyatikisa?

— Kwa breki! Unafunga ghafla, unaachia. Unafunga, unaachia. Mpaka lori linafika kwa mwenyewe, kila nati imelegea. Akiliwasha linacheza lenyewe.

— Nani aliwaagiza? aliuliza Ida.

— Hakuna aliyetuagiza.

— Basi mlifanya kwa nini?

Breki alifikiri.

— Ndivyo tulivyofunga breki, alisema. Lakini sasa nikikaa nikitafakari naona mkono wa wakubwa. Kwa nini hawakutufundisha kufunga vizuri?

— Lonnie, yaani wewe ndiye uliyekiua kiwanda, alisema Wembe. Jaji, futa Dehart, andika Teagarden.

— Thubutu!

— Si umekiri mwenyewe? Mbele ya mashahidi?

— Nilikuwa chombo tu! Chombo hakishtakiwi!

Jaji alitafuna donati akitikisa kichwa, maana hoja ile ilimgusa kidogo kitaaluma. Nami nilikuwa nasubiri mtu aseme jambo moja lililo wazi, kwamba kama chombo hakishtakiwi basi na fundi wa ekseli hashtakiwi. Hakuna aliyelisema. Benchi lile lina sheria zake: hoja ikishatumika kumwokoa aliye hai, hairudi kumwokoa aliyekufa.

— Nyote mnapiga porojo, alisema Wembe. Mimi ndiye peke yangu hapa niliyekula mkate wa Vosler. Nilikuwa idara ya rangi, kabla sijashika wembe. Na nawaambia, ni vanishi.

— Vanishi tena!

— Sikia kwanza. Vosler walikuwa watu wa magari ya farasi, tangu babu yao. Gari la farasi hulipaki rangi kama unapaka uzio. Unapaka, unangoja likauke, unasugua kwa jiwe laini na maji, unapaka tena, unangoja tena. Halafu vanishi, vivyo hivyo. Mzee Vosler akasema lori nalo ni gari, litapakwa kama gari. Wenzetu Detroit wanatoa gari kabla chai haijapoa, sisi huku tunangoja vanishi ikauke. Ikinyesha mvua, haikauki. Ikiwa baridi, haikauki. Lori la kubebea samadi linatoka na uso wa piano! Na chumba kile kilikuwa marufuku kupiga chafya.

— Hiyo ni kweli, alisema Ida taratibu. Baba alikuwa akisema hivyo. Marufuku kupiga chafya.

— Umeona! Na sasa ndiyo nafika. Siku moja, lori la maonyesho, lile la kwenda kwa gavana. Vanishi ya mwisho, inang'aa unajiona mpaka dhambi zako. Asubuhi tunafungua mlango: nzi.

— Nzi mmoja?

— Nzi, bwana, nzi! Wamenata kila mahali kama zabibu kwenye keki. Sasa niambieni, nzi wa wapi mwezi wa Machi?

Hata mimi, nakiri, nilijiuliza.

— Walitoka zizini, alisema Jaji.

— Machi! Nzi wa Machi wako wapi? Wamelala. Wale waliletwa. Waliletwa kwa gunia, kwa treni, kutoka Detroit.

— Kwa treni? Breki akaruka. Gunia la nzi kwenye treni yangu nisilijue?

— Si ulikuwa unatikisa malori? Ungesikia nzi saa ngapi?

— Gunia la nzi lina mlio, Dewey!

— Walikuwa wamelala, nimeshakwambia, Machi! Wameamka kwenye joto la chumba cha vanishi. Huo ndio ujanja wenyewe.

Ida alimimina tena. Birika sasa lilikuwa jepesi mkononi mwake. Ungemwona analiinua zaidi ili litoe. Ng'ambo ya barabara mtu wa vifaranga alitoka na maboksi yenye matundu, akawapungia mkono, wakampungia bila kumtazama.

— Kama kuna gunia, basi kuna aliyelipokea, alisema Jaji, naye sasa amepata moto. Na mimi namjua. Mnamkumbuka Lisle?

— Lisle yupi?

— Yule wa masharubu, aliyekuja hapa kuimba kwaya ya Wamethodisti. Alitoka wapi? Hatukuuliza. Alifanya kazi gani? Eti anauza vifungo.

— Alikuwa anauza vifungo kweli, alisema Ida. Mama alinunua.

— Na kuimba aliimbaje?

— Vibaya mno, alisema Breki.

— Vibaya mno! Sasa mtu asiyejua kuimba anafuata nini kwenye kwaya? Anasikiliza! Na nani alikuwa kwenye kwaya? Mke wa Vosler. Karani wa Vosler. Fundi wa injini. Kiwanda kizima kinakutana Alhamisi jioni kinafungua mdomo, naye kasimama katikati na masikio yake. Kila siri ya Vosler ilifika Detroit kwa noti za muziki.

— Siri gani? aliuliza Wembe. Kwamba vanishi haijakauka?

— Hiyo na nyingine.

— Detroit walitaka siri ya kutengeneza lori moja kwa msimu? Wao wakitengeneza elfu?

— Ndiyo maana ni hatari! Hawakutarajia tungegundua!

Breki hakutaka kushindwa na mtu ambaye hata hakuwahi kusafiri. Aliweka kikombe chini.

— Nyinyi mnadhani kiwanda kilikufa, alisema. Hakikufa. Malori yapo.

— Yapo wapi?

— Meksiko. Jeshi letu lilipokwenda mpakani kule, lilichukua malori yote yaliyokuwa yamebaki. Msafara mzima wa Vosler. Likaingia jangwani, na huko kuna mifereji ya mikokoteni ya Wameksiko, myembamba. Gurudumu moja chini, moja juu. Sasa lori lililoinama linakwenda wapi? Halinyooki. Linapinda. Linapinda kidogo kidogo, siku nzima, mpaka linarudi lilipoanzia. Injini si umesema haimtupi mtu, Jaji?

— Nilisema.

— Basi. Bado yanazunguka.

Wembe alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Jaji naye alicheka, akijifuta sukari kidevuni. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua limefika miguuni mwao, na kwa muda walisahau kabisa kwamba mfuniko wa boksi ulikuwa pale katikati yao na jina la mtu likiwa juu yake.

Ida hakusahau.

— Mmemaliza?

Wakaacha kucheka.

— Nzi wametoka Detroit, Lisle ameuza siri kwa noti, Lonnie ametikisa, jeshi linazunguka Meksiko. Yote hayo mnayaamini kabla ya chakula cha mchana. Lakini cha kuandika kwenye shaba, kisichofutika, ni baba yangu.

— Kwa sababu ekseli ni kitu cha kupimika, Ida, alisema Jaji, sauti imeshuka. Nzi siwezi kuwaandika. Ekseli naweza.

— Haya, tupime basi. Upana ule baba aliutoa wapi?

— Alipima.

— Alipima nini?

Wembe aliangalia viatu vyake.

— Dewey, wewe ulikuwepo. Mwambie.

— Ida, ni zamani.

— Lisle ni wa jana? Mwambie.

Wembe alisugua goti.

— Mzee Vosler alichukua kijiti, alisema. Akatoka nje, barabarani, hapo mbele ya kanisa. Akakilaza juu ya mifereji, kutoka huu mpaka huu. Akakikata. Akampa Dehart, akamwambia, upana ndio huu.

— Na mifereji ya barabara zetu ilichimbwa na nani, ikawa mipana kuliko ya dunia nzima?

— Na magari ya farasi.

— Ya nani?

— Ya Vosler, alisema Wembe. Tangu babu yao. Walikuwa wakiyatengeneza mapana, ili yasipinduke milimani na mzigo wa nyasi.

— Kwa hiyo walikipima walichokichimba wenyewe. Na baba alisemaje?

— Alisema... Wembe akamtazama Jaji kana kwamba anaomba ruhusa. Alisema dunia haijachimbwa na Vosler. Alisema wapunguze.

— Halafu?

Hapo Breki naye akaanza kukikodolea macho kikombe chake. Ida akamaliza mwenyewe.

— Halafu Mzee Vosler akaitisha mkutano, ukumbi wa chama cha wakulima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jukwaa, nakumbuka buti zenu. Akauliza: tutengeneze lori la upana wa watu wengine, likipita kwetu liinamie upande, au tutengeneze la upana wetu? Ukumbi mzima ukanyoosha mikono. Wetu! Wetu! Mkapiga sakafu kwa miguu mpaka taa zikatikisika. Orville, wewe ulisimama juu ya kiti.

— Nilikuwa kijana.

— Baba yangu peke yake hakunyoosha. Mkamzomea. Akarudi nyumbani, kesho yake akaenda kazini, akazitengeneza ekseli kama mlivyotaka, na akazitengeneza vizuri, hakuna hata moja iliyokatika. Sasa niandikie hapo kosa lake.

Jaji alishika penseli, hakuandika. Ninamjua Jaji, si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kesi iishe. Na mtu anayependa kesi iishe huwa anamtafuta yule ambaye hatasimama kujibu.

— Naweza kuandika "kwa uamuzi wa wananchi", alisema.

— Wananchi gani? alisema Breki haraka. Watu watajiuliza ni nani. Wajukuu watauliza.

— "Kwa sababu za kibiashara", alisema Wembe.

— Hiyo nzuri. Haimtaji mtu.

— Haisemi kitu pia.

— Ndiyo uzuri wake.

Wakati huo gari dogo la mizigo likasimama kando ya barabara, akashuka kijana mwenye kofia ya kitambaa na mikono ya mtu wa tanuri, yenye makovu madogo ya moto. Alijitambulisha kuwa Stan Novotny, wa kiwanda cha shaba. Akasema meya amemwambia kila kitu kiko benchini.

— Maneno hayajakamilika, alisema Jaji. Kuna rufaa.

— Maneno si shida, bwana. Maneno naweza kuyangoja hadi jioni. Mimi nimekuja kwa ajili ya picha.

— Picha ipi?

— Juu ya kibao kuna nafasi ya duara. Mkataba unasema tuchonge humo lori la Vosler, lionekane kwa mbele. Nimetafuta picha yake, sikupata. Meya hana, maktaba haina. Nikasema si neno, hata mkinieleza kwa mdomo nitachonga: taa zilikaa juu au chini, kifuniko cha injini kilikuwa cha namna gani, jina liliandikwa wapi.

Aliketi kwenye ubao wa kukanyagia mlangoni mwa gari lake, akatoa kipande cha udongo wa mfinyanzi kwenye kitambaa chenye maji, akaanza kukikanda.

— Kwa hiyo nani kati yenu alikuwa nalo?

Watatu wakageukia vikombe vyao.

Kijana alidhani hawakusikia. Akapaza sauti kidogo, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na wazee.

— Lori la Vosler. Au gari. Nani alikuwa nalo?

— Mimi nilikuwa na treni, alisema Breki. Mtu wa treni anunue lori la nini?

— Mimi nilikuwa napaka rangi, alisema Wembe. Nilijua vanishi haijakauka. Nilikuwa nangoja ikauke.

— Bwana?

Jaji alijiweka sawa kitini.

— Mimi nilinunua Ford, alisema.

— Ford ilipita kwenye mifereji yenu? Si meya kaniambia ilikuwa mipana?

— Iliinama, alisema Jaji. Iliinama upande, miaka yote ile, mpaka wilaya ilipomwaga kokoto. Mke wangu alikuwa akitapika.

— Basi kwa nini...?

— Ilikuwa ya bei rahisi. Na nilikuwa nangoja nione jirani akinunua Vosler. Hapa kwetu mtu hanunui kitu kabla hajakiona kwa jirani.

— Jirani yako alikuwa nani?

Jaji alionyesha kwa kidole gumba, bila kugeuka. Jirani yake alikuwa Breki.

Novotny aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa anacheka, wala hakuwa anahukumu. Alikuwa na udongo mkononi na ulikuwa unaanza kukauka.

— Daktari wa mji? aliuliza.

— Daktari alikuwa na Buick.

— Mchungaji?

— Baiskeli.

— Mzee Vosler mwenyewe?

— Farasi, alisema Wembe. Mkewe hakupenda moshi.

Kijana akamgeukia Ida.

— Bibie, baba yako? Meya amesema alikuwa fundi wa Vosler.

Nilimwona Ida akifungua mdomo. Nilitamani aseme ndiyo. Ningempa alama zote za mdahalo pale pale.

— Hapana, alisema. Baba alikwenda kazini kwa miguu. Hata sisi hatukuwa nalo.

Vifaranga vilikuwa vikilia ng'ambo. Breki alinyoosha kikombe chake, zaidi ili mkono upate kazi. Ida akainamisha birika. Likatoa mkondo mwembamba, halafu matone, halafu mashapo meusi ya kahawa. Akalipindua kabisa juu ya barabara, likawa tupu.

— Sasa? alisema Novotny. Nichonge nini?

Walitazamana. Jaji, ambaye alikuwa na jibu la kila jambo duniani, toka nzi mpaka Meksiko, alichukua mfuniko wa boksi la donati, akayafuta maneno yake kwa kidole gumba kilicholowa mate hadi karatasi ikachubuka. Akampa Ida mfuniko na penseli.

— Wewe ulikuwa kwenye ngazi, alisema. Uliona vizuri kuliko sisi.

Ida aliandika akiwa amesimama, mfuniko umelazwa juu ya birika. Hakuchukua muda. Novotny alisoma, akauliza kama ndiyo yote, akaambiwa ndiyo yote. Akaufunga udongo wake kitambaani na kuondoka.

Jumamosi meya alivuta pazia. Bendi ya shule ilipiga, watoto wakagombania sharubati ya malimau, na kila mtu akasogea kusoma. Kibao kilikuwa kizuri, kizito, shaba yake inang'aa. Juu kulikuwa na duara lililosuguliwa likawa laini kama sahani, halina kitu ndani. Chini yake:

HAPA YALITENGENEZWA MAGARI NA MALORI YA VOSLER.
YALITOSHEA UPANA WA BARABARA ZETU.

Watu wengi walidhani duara lile ni pambo. Wachache waliuliza, wakajibiwa kwamba lori halikuwahi kupigwa picha. Jina la Rufus Dehart halikuwapo, si kwa ubaya wala kwa sifa.

Jumatatu benchi lilikuwa mahali pake, na wazee watatu juu yake, wakilitazama lile duara ng'ambo ya barabara. Jua la asubuhi linapoligonga, linakurudishia mwanga machoni, na ukikaa katikati ya benchi unaweza kuona humo vichwa vitatu vidogo, vimepindapinda.

— Pale pangekaa vizuri picha, alisema Wembe.

Ida akatoka na birika limejaa, mvuke unapanda.

— Nani anataka? aliuliza.

Mikono mitatu ikanyooka juu mara moja. Ida aliitazama mikono ile, akaiacha ining'inie hewani kidogo, ndipo akamimina.